Musembi Amtafuta Mama Mkwe

Mamangu ni mzima. Nianze na hilo, maana kila nikisimulia mambo haya watu hushika vifua, na mimi sitaki kuua mtu kwa hadithi. Mama yuko kwake Zombe, kule Kitui, anakula muthokoi wake wa mahindi, anagombana na kuku wa jirani, na sukari yake haijasumbua tena. Sasa nipeni nafasi nimseme bwana yangu.

Bwana yangu anaitwa Musembi. Ana mashine ya kusaga unga pale Kikima, chini kidogo ya soko. Ukipita hapo ukasikia mtu anapiga kelele ndani ya mngurumo, usiogope, hagombani na mtu, anasalimia. Ile mashine imemharibia sauti. Akiniambia lala salama, jirani anaitikia. Lakini ni mpole, mpole mpaka unakasirika. Mteja akileta mahindi yamejaa mawe, Musembi anakaa chini anaanza kuyaokota. Nikimuuliza kwa nini hamwambii mwenyewe aokote, ananijibu ati mama wa watu amechoka. Mimi ningemrudishia gunia lake kichwani aende nalo.

Raha yake duniani ni gita. Kila Agosti, shule zikifungwa, kuna Tamasha la Mbathi katika uwanja mmoja nje ya Wote. Mbathi kwetu ni nyimbo. Bendi hutoka Kitui na Makueni kote, na vijana wetu walioko Nairobi hurudi na vyombo vyao, wakapiga laivu tangu asubuhi mpaka jua lizame. Kwaya ndizo hufungua, halafu gita zinashika. Watu hujaa mpaka vumbi halipati mahali pa kutua. Siku hiyo Musembi hufunga mashine, yeye ambaye Krismasi husaga na Pasaka husaga.

Sasa kwa wale ambao si Wakamba, lazima niwaeleze nthoni. Ni heshima ya wakwe. Mwanaume na mama ya bibi yake hawaangaliani usoni, hawapeani mkono, hawali mahali pamoja, na majina yao hawatajiani. Siku hizi wengi wameacha. Kuna watu hapa Kikima wanakula nyama na mama mkwe meza moja wakigombania ini. Mamangu hakuacha. Alilelewa hivyo, na hata alipookoka akawa shemasi wa kanisa, alisema Yesu alimwondolea dhambi, hakumwondolea nthoni.

Kwa hivyo tangu Musembi alete mahari, na kifungua mimba wetu sasa yuko darasa la tano, wawili hawa hawajawahi kutazamana. Tukienda Zombe, Musembi anasimama uani akiangalia chini, mama anajifunika kitambaa mpaka puani, anapita kando akiongea na mimi. "Kanyiva, mwambie bwana yako asante kwa unga." Na yule pale, hatua chache, anasikia kila kitu. "Mwambie mama asijali." Mimi ndiye posta. Siku ya harusi yetu mama alikaa kiti cha nyuma kabisa, na Musembi kwenye picha zote amevaa miwani nyeusi, ati ndiyo ilikuwa fasheni. Nikiwaambia wameshazidisha, wote wawili hunijibu sawasawa, heshima si utumwa. Wakanishinda.

Basi mwaka jana redio ikatangaza kwamba mzee Mwau atapiga kwenye tamasha. Mzee Mwau ni mpiga gita wa zamani sana, alikuwa mgonjwa miaka mingi, watu wengine tulidhani ameshazikwa. Siku hiyo hiyo mama akanipigia simu.

"Kanyiva, huyo Mwau alipiga siku baba yako alinitongoza. Nataka kwenda."

"Mama! Na kanisa?"

"Nimemwambia pasta naenda kusikia gita, siendi kunywa pombe. Kwani Daudi alipiga nini? Lakini nitakuja kama bwana yako hatakuwa hapo."

Hapo nikakwama. Kumkataza Musembi tamasha ni kumkataza kupumua. Nikamwambia mama uwanja ni mkubwa, nitamweka mmoja Kitui na mwingine Makueni, hawataonana kamwe. Akakubali shingo upande.

Siku yenyewe nilipanga kama serikali. Kushoto kwa jukwaa kulikuwa na tenti ya kina mama wa kwaya, yenye kivuli na viti. Mama nikamketisha hapo. Musembi nikamfukuza upande wa kulia kabisa, kwa zile spika kubwa ambako mtu wa kawaida hawezi kusimama, yeye ndipo anasikia vizuri. Katikati yao palikuwa na bahari ya vichwa. Simu ya mama nilikuwa nayo kwa mkoba wangu, kwa sababu yeye huizima akidhani inakula pesa ikiwa imewaka.

Nikampa hotpoti ya chapati na ndengu. "Kula, mama. Umemeza dawa asubuhi na chai ya rangi tu."

Hilo si jambo la mchezo. Mwaka uliotangulia mama alimeza dawa ya sukari akaenda kuchota maji bila kula, akaanguka hapo kisimani. Kina mama walimbeba akiwa hajui hata jina lake. Daktari aliniambia peupe, dawa hii bila chakula itashusha sukari mpaka imwue, na haitangoja jioni.

"Nitakula," mama akasema. "Bwana yako yuko wapi?"

"Kule mbali."

"Amevaa nini?"

"Shati ya bluu. Sasa kula!"

Hakufungua. Aliangalia huku na huku, kitambaa kimeshuka puani. Nikaenda choo, na mnajua foleni ya choo ya kina mama kwenye sherehe. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu.

Mama mmoja wa kwaya akaniambia, "Ameinuka kitambo na hotpoti yake. Alisema anatafuta pahali pa kula."

"Pahali gani pengine? Si alikuwa na kiti hapa!"

"Alisema hapa ataonekana."

Woi! Ndipo nikaelewa. Mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Na mama hamjui mkwe wake kwa uso, anajua tu ni mwanaume wa shati ya bluu. Ule uwanja ulikuwa umejaa mashati ya bluu! Kila kijana aliyepita mbele ya tenti, mama alidhani ni Musembi. Na sasa alikuwa anazunguka huko juani, dawa iko tumboni peke yake, akitafuta kona isiyo na mwanaume. Katika tamasha!

Nikampigia Musembi. Bahati simu ikashika. Akaja mbio akisukuma watu na kuomba msamaha kwa ile sauti yake.

"Mama amepotea," nikamwambia. "Hajala. Wewe shika upande wa magari na vibanda, mimi nashika huku kwa jukwaa na choo."

Akakimbia. Halafu akasimama. Akarudi. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

"Kanyiva. Mama anafanana aje?"

Jamani! Nilimwangalia huyo mwanaume, nikataka kucheka, nikataka kumzaba kofi, nikataka kulia. "Umenioa miaka yote hii! Umekula mbuzi wake! Hujui mama yangu anafanana aje?"

"Najua ana kitambaa."

"Kitambaa! Angalia hapa, angalia wamama wote hawa, nionyeshe mmoja hana kitambaa!"

Nikatoa simu, nikatafuta picha ya mama, nikamwekea mbele ya macho. Na haki ya Mungu, Musembi akageuza uso. Aliona aibu mbele ya picha! Mkono umeenda kwenye macho peke yake, kama mtu aliyemkuta mkubwa wake bafuni.

"Musembi, nitakuua. Angalia!"

Akaangalia na jicho moja. Picha ilipigwa matangani, jua likiwa nyuma, uso wa mama ni mweusi tu ndani ya kitambaa. Akasema, "Sawa," na nikajua si sawa. Akaondoka.

Nami nikaenda kwa yule kijana wa maiki jukwaani, nikamwomba atangaze. Akatangaza vizuri kabisa. "Tunamtafuta mama Syombua kutoka Kitui, Syombua wa Kitui, msichana wako yuko hapa mbele!" Wakaja Syombua wanne. Mmoja alinikumbatia. Alikuwa amengoja msichana wake tangu saa nne, na hakufurahi kuona ni mimi.

Nilizunguka nyuma ya jukwaa, nikaenda vyoo, nikaenda kwa tangi la maji, nikiita. Gita zinalia, watu wanacheza, na mimi naona kila mtu anayecheza ni mchawi. Nilimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nilimwambia kama ni mimi nimemleta mama kwenye gita, basi anipige mimi, asimpige mama. Jua lilikuwa kali na nilikuwa nasikia baridi.

Simu ikalia.

"Kanyiva!" Ilikuwa sauti ya Musembi, mpaka nikaondoa simu sikioni. "Nimepata miguu!"

"Miguu gani? Musembi, umelewa?"

"Miguu ya mama! Iko hapa nyuma ya soda, mwisho wa vibanda. Kuja haraka, hajisikii vizuri."

Alinielezea baadaye alivyofanya. Alianza kwa kuangalia nyuso za wamama. Wengine wakamwuliza ana shida gani, mmoja akamtisha na mwavuli. Zile nyuso zote hazikumwambia kitu. Halafu akajiambia, mimi huyu mama huwa namwona wapi? Namwona chini. Kila akipita uani kule Zombe, mimi naangalia chini, na anayepita hapo chini ni yeye. Mguu wa kulia, kidole cha pili kimepanda juu ya kidole gumba. Juu ya kifundo kuna kovu la jembe. Basi akainamisha kichwa kama alivyozoea, akatembea vibanda vyote akisoma miguu ya watu. Nyuma ya kibanda cha mwisho, miguu miwili imenyooka kwenye vumbi kutoka nyuma ya kreti za soda, na kile kidole kiko pale kimepanda mwenzake.

Kibanda kilikuwa cha Mbugua, Mkikuyu anayeuza vinywaji miji yote ya barabara ya Mombasa. Sherehe yoyote ikiwa na watu, Mbugua yupo. Yeye ndiye aliyenipa yaliyobaki, maana Musembi huruka sehemu zinazomsifu.

Mbugua alisema alimwona mama akija na kukaa kwenye kivuli cha kreti, hotpoti mapajani. Akidhani amechoka, akamwacha. Halafu akaja mwanaume wa shati ya bluu ameinama kama anayetafuta sarafu. Akaona miguu, akaruka nyuma, akageuka akampa mama mgongo, akaanza kupiga simu akipiga kelele.

"Wewe," Mbugua akamwuliza, "unamjua huyu mama?"

"Ni mama ya bibi yangu."

"Sasa mbona unamgeuzia mgongo? Si unaona anatoka jasho, anatetemeka?"

"Ni mama mkwe wangu, ndugu yangu. Siwezi kumwangalia."

Mbugua akasema, "Kwani mama mkwe hafi?"

Hilo tu. Musembi akageuka, akashika soda kwenye kreti bila kuomba, akaifungua kwa meno, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya mamangu.

Mama alikuwa bado ana fahamu, lakini kwa mbali. Alipoona shati, akavuta kitambaa kwa vidole visivyo na nguvu. "Kijana," akasema, "hiyo ni bluu? Wewe ni bwana ya Kanyiva?"

Musembi wangu, ambaye hajawahi kunidanganya hata kuhusu chumvi kwenye mboga, akadanganya. Akashusha ile sauti ya mashine mpaka Mbugua akadhani ameishiwa pumzi, maana sauti yake mama anaijua. Akanong'ona, "Hapana, mama. Mimi ni muuza soda tu. Kunywa."

Muuza soda mwenyewe amesimama pale, mdomo wazi, na hakumfichua. Mungu ambariki Mbugua.

Mama akanywa. Musembi akamshika kichwa kwa nyuma, akainua chupa kidogo kidogo, akimfuta kidevu na mkono wa shati. Soda ikaisha. Akafungua hotpoti, akakata chapati vipande vidogo, akamlisha kimoja kimoja. Mama akala. Mama alikula mbele ya mkwe wake, kutoka mkononi mwake, akamwambia, "Asante, kijana, una bibi?" Musembi akanong'ona ati anaye. "Mwambie mama yake amepata mkwe mwema."

Hapo ndipo mimi nikafika. Nimepoteza kiatu kimoja, kilemba kimefunguka. Nikaona mama ameketi, macho yake yananiona mimi, mimi hasa, akatabasamu. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishikilia tangu siku ile ya kisimani. Nikakaa hapo hapo. Nami kwa furaha yangu na mdomo wangu mrefu nikapasua:

"Musembi! Asante! Musembi, umemwokoa mama!"

Kipande cha chapati kikabaki hewani.

Mama akaangalia ule mkono. Akavuta kitambaa mpaka kidevuni. Musembi akainamisha kichwa, hakuinuka, akabaki na magoti kwenye vumbi kama mtu anayengoja hukumu. Mbugua akajifanya anahesabu chupa. Mimi nilitamani niumeze ulimi wangu.

Nesi wa huduma ya kwanza akafika, msichana anaitwa Sandra, nilikuwa nimempitia njiani nikampigia kelele. Akamdunga mama kidole, akasoma ile mashine ndogo, akapumua. "Iko poa sasa, nyanya. Nani alikupa soda?"

Mbugua akaelekeza kidevu kwa Musembi.

"Basi huyo mtu amefanya kazi yangu," Sandra akasema. "Ungekaa hapa kidogo tena bila kitu mdomoni, tungekuwa tunaongea mengine." Akamwambia amalize chapati zote na akae kivulini. Nilisikia hayo maneno nikaanza kulia kwa sauti, machozi ya raha, sikuona aibu. Ilikuwa imekwisha. Mama alikuwa amekaa pale na makombo kwenye lesso, na hakuna mtu aliyekuwa anakufa.

Ndipo spika zikanyamaza, kijana wa maiki akaita jina la mzee Mwau, na uwanja mzima ukapiga kelele. Kutoka nyuma ya vile vibanda hatukuona chochote ila migongo. Lakini gita ilianza, taratibu, na mama akainua kichwa ndani ya kitambaa.

"Kanyiva," akasema.

"Naam, mama."

"Mwambie huyu muuza soda ..." Gita ikapiga mzunguko mzima. Nikangoja nipeleke salamu, kama posta. Kwetu mtu akivunja nthoni, kuna mbuzi wa faini na kuna blanketi na kuna wazee wa kuitwa, nikawa nimeshaanza kufikiria ni mbuzi yupi.

Mama hakunipa salamu yoyote. Alifungua kitambaa, akakiweka mapajani. Nywele zake zote zilionekana.

"Musembi," akamwita.

Sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. Hata Musembi nadhani hakuamini ni lake.

"Inua uso. Kila usiku nikipiga magoti nakutaja kwa Mungu, na namtajia jina tupu. Nataka kuona ninamwombea nani."

Musembi akainua uso. Vumbi, jasho, unga uliobaki kwenye nyusi. Mama akamshika kidevu, akamgeuza upande huu, akamgeuza upande huu, akafuta vumbi na ncha ya lesso, akamtazama kwa muda mrefu, Mwau akipiga. Kisha akagusa nywele zake juu ya sikio.

"Mvi imeshaanza," akasema. "Mwanangu. Ujana wako wote umepita uani kwangu, na sikuuona."

"Si bado niko hapa, mama," Musembi akamwambia.